Nampeleka mama Makumbusho ya Vatikani, tuna alasiri moja tu: aone nini, aache nini?

Binti_Kibosho

Habari wakuu. Oktoba naenda Roma na mama yangu, pamoja na kikundi cha mahujaji wa parokia. Ratiba imebana: misa, katakombe, basilika nne kuu. Tumeachiwa alasiri moja tu, Alhamisi, kila mtu ajipangie mwenyewe, na mama ameshasema yeye anataka Makumbusho ya Vatikani.

Mama ana miaka 71, amekuwa katekista kwa miaka 31. Vifaa vyake vya kufundishia ni Biblia, kengele ya mkononi na picha za kalenda za zamani anazozikata na kuzibandika kwenye vipande vya boksi. Picha anayoipenda kuliko zote ni ile ya Mungu anamnyooshea Adamu mkono. Ilitoka kwenye kalenda ya ukutani iliyokunjwa kwa miaka mingi, mende wamekula kona moja, lakini kila mwaka watoto wa komunyo ya kwanza huanzia hapo. Anataka kuiona yenyewe.

Wasiwasi wangu ni goti lake la kulia, hawezi kusimama muda mrefu. Halafu kaka yangu mkubwa amemwambia kwamba mle ndani kumejaa sanamu za uchi za miungu ya Wagiriki, na kwamba si mahali pa mama mtu mzima. Mama hakumjibu, ila tangu siku hiyo ameuliza mara mbili kama ni kweli.

Aliyewahi kufika anisaidie. Sitaki orodha ya mtandaoni ya "vitu 20 vya kuona". Nataka kujua mtu mwenye goti bovu na saa nne mkononi aende wapi.

Mama_wa_Singida

Mpe mama shikamoo yangu. Na ukae kitako, nitaandika kirefu.

Nimeishi Roma miaka 11 nikimhudumia bibi mmoja wa Kiitaliano, nyumba yake haikuwa mbali na ukuta wa Vatikani. Mapumziko yangu yalikuwa Jumapili. Sasa, makumbusho yale hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, ambapo kuingia ni bure: wanafungua saa tatu asubuhi na mwisho wa kuingia ni saa sita na nusu mchana. Kwa mtu anayetuma nusu ya mshahara nyumbani, hilo lilikuwa jambo kubwa. Mara ya kwanza niliingia kukimbia baridi ya Januari. Baadaye nikawa napanga foleni saa moja asubuhi, na nilijiwekea utaratibu: mwezi huu chumba hiki, mwezi ujao kile. Sikusomea sanaa. Nilichonacho ni kwamba nimesimama mbele ya vitu vile mara nyingi.

Kwanza tiketi. Kata mapema kwenye tovuti ya makumbusho yenyewe, ile inayoishia na .va. Mara ya mwisho nilipomkatia mgeni wangu ilikuwa euro 20, na 5 za kuhifadhi nafasi. Ukishuka kituo cha Ottaviano, treni ya mstari A, utafuatwa na watu wenye vitambulisho shingoni wakikuambia foleni ni ya saa tatu, wao wana njia ya mkato. Binamu yangu alimlipa mmoja wao euro 60, na bado akapangishwa foleni ile ile. Pita, usisimame. Siku za kazi milango inafungwa saa mbili usiku na mwisho wa kuingia ni saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo chagua kuingia kama saa tisa alasiri, makundi ya asubuhi yakiwa yanatoka.

Goti: wana viti vya magurudumu vya kuazima bila malipo, uliza mara tu unapoingia, na uwe na pasipoti. Ipo njia yenye lifti inayofika hadi Kikanisa cha Sistina. Mama atakataa. Mwambie kiti ni cha kubebea mkoba, akichoka ataketi mwenyewe. Nguo zifunike mabega na magoti, nawe weka kanga mbili kwenye mkoba. Na jambo ambalo wageni wengi hawalifikirii: beba darubini ndogo. Dari la Sistina liko karibu mita 21 juu. Adamu mnayemjua kwa kalenda, ukiwa chini pale ni mdogo kuliko kiganja chako, na yuko katikati ya watu zaidi ya mia tatu waliochorwa. Nimeona watu wametoka mbali wakatoka mle wamenyong'onyea, wanasema "kumbe ndiyo hiyo tu?" Si hiyo tu. Hawakuiona.

Sasa njia. Ukipita tiketi na kupanda juu, umati wote utakata kushoto, kwa sababu kibao kinasema Sistina. Ninyi kateni kulia, mwende Pinakoteka, nyumba ya picha. Kuna nafasi, kuna viti, na ndani yake kuna picha ambayo kwangu inazidi chochote kilichomo katika jengo lile zima: Kugeuka Sura kwa Bwana, ya mchoraji Raffaello. Ndiyo ya mwisho aliyoifanyia kazi. Alikufa Ijumaa Kuu ya mwaka 1520 akiwa na miaka 37, na waliomwandikia habari zake wanasema picha hii iliwekwa kichwani pake alipolazwa ili watu wamuage.

Juu utamwona Yesu katika mwanga, Musa na Eliya pembeni. Mama ataitambua mara moja, Mathayo 17. Lakini mshushe macho chini. Raffaello hakuishia mlimani. Chini, gizani, amechora kinachofuata katika sura ile ile: baba amemleta mwanawe mwenye pepo, mtoto macho yamepinduka, mkono mmoja juu mmoja chini, na mitume waliobaki wanahangaika, hawawezi kumponya. Baba amemshika mtoto kwa nyuma, kwa mikono yote miwili. Mimi nilimwacha mwanangu Singida kwa bibi yake akiwa na miaka sita. Kwa miaka 11 nimekwenda kuwatazama wale wawili, baba na mtoto, na sijawahi kuondoka pale nikiwa kama nilivyoingia. Mpe mama robo saa kwenye kiti mbele ya picha ile. Usiongee.

Ukiwa bado na nguvu, vyumba vichache mbele ipo picha ya mchoraji Caravaggio, Yesu akishushwa kaburini. Miguu ya Nikodemo ni ya mkulima aliyetoka shamba.

Kuhusu maneno ya kaka yako. Ni kweli, sanamu za uchi zipo, na ni nyingi. Usimfiche mama. Lakini mweleze kwa nini ziko pale. Januari 1506 mtu alikuwa akichimba kwenye shamba lake la mizabibu hapo Roma, akakuta sanamu kubwa ya marumaru. Papa Julius II akatuma wataalamu wakaitazame, Michelangelo akiwa mmoja wao. Wakaitambua: ni Laocoön, ambaye mwandishi wa Kirumi Plinio alikuwa amemtaja zaidi ya miaka 1,400 kabla. Papa akainunua, akaiweka uani kwake, na makumbusho yote yale yanahesabu umri wake kuanzia siku hiyo. Laocoön ni kuhani wa Troya aliyewaonya watu wa mji wake wasimpokee yule farasi wa mbao ambamo maadui walikuwa wamejificha. Nyoka wawili wakatoka baharini wakamuua yeye na wanawe wawili. Hapo ndipo mchongaji alipomkamata: mzee anawavuta nyoka, na mmoja wa watoto anamwangalia baba yake.

Ilipofukuliwa haikuwa na mkono wa kulia. Wakamtengenezea mkono ulionyooka juu kama wa shujaa, ukakaa hivyo karne nne. Mwaka 1906 mtaalamu mmoja wa vitu vya kale, Ludwig Pollak, akaona kwenye karakana ya fundi mawe mkono mkongwe uliokunjwa kuelekea mgongoni. Akautambua, akaupeleka Vatikani. Ulikuja kuunganishwa miaka ya 1950 mwishoni. Mkono wa kweli haujanyooka, umelemewa. Pollak mwenyewe alikuwa Myahudi. Oktoba 1943 Wajerumani walimchukua hapo Roma pamoja na familia yake wakampeleka Auschwitz, na hakurudi. Mimi nikifika pale huutazama ule mkono kwanza, kisha namtaja yeye kwa jina.

Sasa mwambie kaka yako: mzee anayekufa akiwatetea wanawe, kuna aibu gani kwa mama kumtazama?

Mengine mnaweza kuyapita. Ukumbi wa Ramani una urefu wa mita 120 na ni mzuri, lakini ni njia tu ya kuelekea mbele, mama autazame akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Makumbusho ya Kimisri na ya Waetruski, watu wa Italia kabla ya Warumi, yaacheni kwa safari nyingine. Mkikuta upande wa kale wa Kikristo uko wazi, mle kuna sanamu ndogo ya Mchungaji Mwema ya miaka ya 300 hivi: kijana hana hata ndevu, amebeba mwanakondoo mabegani. Ndivyo Wakristo wa Roma walivyomchora Bwana kabla hawajaanza kumvisha kama mfalme.

Sistina nitakuandikia kesho, nimechoka macho.

Fundi_Mji_wa_Kale

Assalaam aleikum nyote. Mimi ni Muislamu, kazi yangu kuchonga milango hapa Mombasa. Mwaka 2018 Mtaliano mmoja mwenye nyumba Malindi aliniagiza mlango wa msaji, akanipeleka hadi kwao kuufunga. Nikabakisha siku mbili za Roma.

Dada Binti_Kibosho, huyo bibi hapo juu amekwambia vizuri, mimi naongeza viwili.

Kuna chumba kilichokuwa maktaba ya yule Papa Julius. Raffaello alikichora kati ya 1508 na 1511, alipoanza hakuwa amefikisha hata miaka 26. Ukuta mmoja ni wanafalsafa, Plato na Aristotle katikati. Tazama chini kushoto: mzee ameketi anaandika, na nyuma yake kainama mtu wa kilemba cheupe, kanzu ya kijani, anatazama kilichoandikwa. Huyo wanasema ni Ibn Rushd wa Cordoba, kadhi na tabibu, aliyeandika sherehe, yaani fafanuzi, za vitabu vya Aristotle. Sikutarajia kumkuta mtu wa kilemba katika maktaba ya Papa. Nilibaki pale mpaka aliyenichukua akaja kunivuta mkono. Na ukuta unaotazamana na huo ni Ekaristi, watakatifu na maaskofu wamezunguka altare. Kuta mbili hizo zinatazamana chumba kimoja.

La pili ni la ufundi. Kabla ya kupanda ngazi kuna ukumbi wenye majeneza mawili ya mawe, makubwa mno, rangi ya damu ya mzee. Moja la Helena, mama yake mfalme Konstantino, lina askari wa farasi na mateka. La pili la Constantina, binti wa mfalme, lina mizabibu inayotambaa na watoto wenye mabawa wanavuna. Jiwe hilo lilichimbwa jangwa la mashariki ya Misri. Ni gumu, patasi yateleza. Mimi kwenye msaji nikikosea natafuta pa kuficha, jiwe lile halikupi nafasi hiyo. Niliupitisha mkono hewani kufuata mzabibu ule, bila kugusa, mlinzi akinitazama. Nikakuta mahali ambapo mchongaji alibadili mkono: jani la upande mmoja limekatwa na mtu wa mkono wa kulia, la pili sivyo. Walikuwa wawili, au zaidi. Miaka 1,600 na ushei, na bado waweza kuwajua kwa makato yao.

Hayo majeneza yako njiani, hamhitaji kupoteza muda. Mama aegeshwe pale dakika tano.

Mlubumbashi_Liège

Jambo wote. Mimi niko mtu wa Lubumbashi, ninaishi Ubelgiji. Hii si ya ndani ya makumbusho, lakini kwa sababu mtapita basilika nne, mtafika Santa Maria Maggiore, pale alipozikwa Papa Fransisko mwaka 2025. Kila mtu atakimbilia kaburi lake, na ni haki. Kisha ulizeni chumba cha ubatizo. Mule kuna sanamu ya kichwa na kifua ya mtu mweusi, jiwe jeusi, macho yamefunguka. Ni Antonio Manuel Nsaku Ne Vunda, balozi wa mfalme wa Kongo. Alitumwa kwa Papa Paulo V, safari ikachukua karibu miaka minne, akanyang'anywa mali njiani, wenzake wengi wakafa. Alifika Roma Januari 1608 akiwa mgonjwa sana. Papa alikwenda mwenyewe kumwona kitandani. Siku chache tu akafa.

Wazungu wa wakati ule walimwita Nigrita, Mweusi, basi. Mimi nilisoma jina lake lote kwa sauti, pole pole. Mwambie mama katekista: mtu wetu alifika pale miaka mia nne iliyopita.

Mama_wa_Singida

Huyo balozi sikumjua, na kanisa hilo nimesali mara nyingi. Asante sana kaka.

Sistina sasa. Mtaingilia mlango mdogo upande wa altare, kwa hiyo picha ya Hukumu ya Mwisho itakuwa mgongoni mwenu na hamtaiona. Msigeuke kwanza. Nendeni mbele, tafuteni nafasi kwenye viti vya mawe vilivyo kando ya kuta, mama aketi, ndipo ageuke. Picha hazipigwi mle kabisa, na walinzi watakuwa wakipaza sauti "silenzio" kila baada ya muda. Msijali.

Michelangelo alichora dari kati ya 1508 na 1512, juu ya lipu mbichi, akiwa amesimama juu ya jukwaa kichwa kimepinda nyuma. Alianzia upande wa mlango mkuu, kwenye habari za Nuhu, akaja kuelekea altare. Mama akiwa na darubini mwonyeshe jambo hili: picha ya gharika ina watu wengi wadogo wadogo. Kadiri unavyokaribia altare, watu wanapungua na wanakuwa wakubwa. Alishuka chini akaona hawaonekani, akabadilika. Uumbaji wa Adamu uko karibu katikati. Juu ya altare kabisa yupo Yona na samaki wake. Pale dari linajikunja kuja mbele, lakini Yona anaonekana anaegemea nyuma. Nimejaribu kuelewa amefanyaje, na kila mwezi nilikuwa najaribu tena.

Hukumu ya Mwisho aliichora zaidi ya miaka 20 baadaye, 1536 hadi 1541, akiwa mtu wa miaka sitini na zaidi alipomaliza. Mwambie mama amtafute mtakatifu Bartolomayo chini kidogo ya Bwana, ameshika ngozi yake aliyochunwa. Uso uliopo kwenye ngozi ile watu wengi wanaamini ni wa Michelangelo mwenyewe. Na kwa yale ya kaka yako: hata wakati ule watu walilalamika juu ya uchi, na mwaka 1565 mchoraji Daniele da Volterra akatumwa kuwavalisha vitambaa. Kwa hiyo kaka yako ana watangulizi wake, tena ndani ya Vatikani. Mimi nasema mbele ya hukumu ile hakuna aliyeweza kufika amevaa.

Binti_Kibosho

Nimemsomea mama yote haya jana jioni. Akasema "huyo wa Singida ni mtu wa sala." Darubini nimeazima kwa mwongoza watalii wa mlimani. Asanteni, nitaleta taarifa.

Binti_Kibosho

Tumerudi, wiki ya pili sasa. Nilichelewa kuandika kwa sababu nilikuwa natafuta maneno.

Kiti cha magurudumu alikikataa mpaka kwenye Laocoön, hapo akaketi. Upande wa Mchungaji Mwema tuliukuta wazi. Mbele ya picha ya Raffaello alikaa muda mrefu kuliko robo saa, akatoa rozari, kisha akaniuliza jina la mtoto wa dada wa Singida. Nikamwambia halikuandikwa. Akasema basi atamwombea hivyo hivyo. Dada, naomba jina lake, mama analisubiri.

Kwenye yale majeneza alimkumbuka fundi wa Mombasa, akainamisha uso karibu na mzabibu, mlinzi akaja, tukasogea. Santa Maria Maggiore tulimkuta balozi. Mama alimsalimia "shikamoo."

Sistina tulipata kiti baada ya kungoja. Nikampa darubini. Alianza na Yona, kwa sababu ndiye aliyekuwa mbele yake, na akaona samaki ni mdogo. Ndipo akapanda kwa Adamu. Akanyamaza, akashusha darubini, akaifuta kwa kanga, akatazama tena. Kisha akanishika goti akaninong'oneza: "Mbona vidole havigusani?"

Kwenye kalenda yake mkunjo ulipita pale pale, kati ya kidole na kidole. Kwa miaka yote hiyo amewafundisha watoto kwamba Mungu alimgusa Adamu kwa kidole, kwa sababu picha yake ilikuwa imekunjwa. Nilidhani ataumia. Alibaki akitazama ile nafasi ndogo mpaka walinzi walipoanza kututoa, na njia nzima ya kurudi hotelini alikuwa ananiuliza: sasa nani anasubiri, Adamu au Mungu?

Jumamosi iliyopita kulikuwa na mafundisho. Asubuhi nilimkuta mezani jikoni na lile boksi lake, miwani puani. Alikuwa ameinyoosha kalenda kwa pasi ya mkaa, na kwenye mkunjo, kati ya vidole viwili, anapaka ile wino nyeupe ya kufutia makosa, kwa ncha ya kijiti cha kiberiti.